Rubani Anayeanza kwa Kujipima Mwenyewe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande haujakauka kwenye mabawa ya ndege, na rubani anapanda juu ya mizani. Si mizani ya hospitali yenye namba za taa. Ni ile ya chuma ya kupimia magunia, iliyopakwa rangi ya kijani mara nyingi hadi imeota magamba. Anasimama wima na viatu vyake, begi la kazi begani, mikono pembeni.

"Soma kwa sauti," anasema.

"Sitini na naneee!" mpakiaji mizigo anatangaza utadhani yuko mnadani.

"Jana nilikuwa sitini na saba. Haya, andika."

Abiria tisa waliopanga foleni wanacheka. Anayefuata, mama mmoja mwenye mwili wake, alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Anaposikia rubani mwenyewe kasomewa hadharani, anajikaza, anavua kandambili, anaambiwa azivae tena, anapanda. Mwandishi wa makala haya, aliyejitangaza kuwa ana kilo sabini, anasomewa themanini na moja mbele za watu. Hakuna aliyemwonea huruma.

Rubani huyu ana umri wa miaka ishirini na sita. Uwanjani hapa wanamwita Mizani.

"Walianza kwa kunikebehi," anasema, akifunga vifungo vya shati la kazi. "Sasa hivi nikiitwa jina langu nageuka nyuma kutazama anaitwa nani."

Ndege yake ni ya injini moja na ina viti kumi na viwili. Hubeba watu, barua, vipuri na masanduku ya chanjo kupeleka mji mdogo wa milimani. Kwa ndege ni dakika arobaini. Kwa basi ni saa tisa mvua isiponyesha, na ikinyesha usiulize. Kule juu hakuna lami. Kuna kiwanja cha nyasi chenye urefu wa mita mia saba, na kinapoishia panaanza shamba la mahindi la watu.

Ndiyo maana kilo hapa si mzaha. Fundi wa mapaa anafika zamu yake akiwa amevaa koti zito la baridi, jasho linamchuruzika.

"Baridi ya wapi hiyo, kaka?" Mizani anamuuliza.

"Nina homa, rubani."

"Pole sana. Hebu panda hapo na homa yako."

Mizani inasema mia na tatu. Fundi ni mwembamba, ukimpuliza anaanguka. Mifukoni zinatoka pakiti nne za misumari, bawaba, na kufuli mbili kubwa. Kila abiria ana haki ya kilo kumi na tano za mzigo, na fundi begi lake lilikuwa limeshafika hizo kumi na tano.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema mpakiaji, na foleni nzima inaangua kicheko.

Mizani hacheki. Anamweleza fundi kwa upole kwamba misumari itapanda kesho na ndege ya mizigo, na itamfikia bila kupungua hata mmoja. Fundi anajaribu kulalama kwamba kilo chache haziwezi kuangusha ndege. "Wewe ukiezeka paa," rubani anamjibu, "mimi sikuambii mbao moja haina neno." Fundi anakubali yaishe.

Ijumaa hii, hata hivyo, si kama Ijumaa nyingine. Ndani ya simu ya Mizani kuna barua. Kampuni kubwa inayorusha ndege za jeti imempa nafasi ya rubani msaidizi, kwa mshahara mara tatu ya anaoupata hapa na mkataba wa miaka mitano. Anatakiwa kujibu kabla ya saa sita mchana wa leo, ndiyo au hapana. Asipojibu, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Uwanja mzima unajua. Na kama uwanja unajua, ni kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, gazeti limekunjwa mara nne mkononi. Huyo ni mjomba wake.

Mjomba ni kinyozi. Juu ya kioo cha kibanda chake cha kunyolea amebandika picha ya jeti kubwa jeupe, na kila mteja husimuliwa habari za mpwa wake. Mteja aliye chini ya mashine hana pa kukimbilia. Leo amefunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua jino.

"Shikamoo, Mjomba," Mizani anamsalimu akiwa na makaratasi yake.

"Marahaba, Kapteni. Umeshawajibu?"

"Bado. Nikirudi saa tano."

"Saa tano! Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Unasubiri nini, wakufuate na ngoma?"

"Nasubiri abiria wangu wafike salama kwanza. Twende wote basi, ukamsalimie Mama. Kiti kipo."

Mjomba anatazama mizani, kisha anafungua gazeti ingawa ameshalisoma lote. "Nitangoja hapa hapa," anasema.

Kwa nini Mjomba hapandi? Hilo ndilo lililomfanya Mizani awe Mizani, na analieleza mwenyewe bila kuficha, ndege ikiwa imeshatulia angani na milima ikianza kuonekana mbele.

Miaka mitatu iliyopita alimaliza chuo cha urubani akiwa na saa mia mbili na kumi na nne za kuruka. Darasani walikuwa saba. Wote waliomba kwenye makampuni ya jeti, na wote walijibiwa kwamba saa zao ni chache. Watatu wamepata nafasi baadaye, wawili hadi leo wako nyumbani wanasubiri simu, mmoja anauza vifaa vya simu na hataki kusikia habari za ndege. Mizani alikuja kwenye kampuni hii ndogo akaambiwa hakuna kiti cha rubani, ila kuna kazi ya kupanga mizigo.

"Nilisema naitaka," anakumbuka. "Wenzangu walinicheka. Rubani mzima, leseni kabatini, wewe unabeba mabegi! Nikawaambia angalau mimi naigusa ndege kila siku. Nyinyi mnaiangalia ikipita."

Kwa miezi kumi na moja alibeba, akaosha vioo, akajaza karatasi za uzito. Kisha rubani mkuu wa kampuni, mzee wanayemwita Mwalimu, akampa ndege ndogo ya abiria watano. Mwezi wa pili tu wa kuirusha, Mjomba akaomba lifti kwenda kumsalimia dada yake, yaani mama yake Mizani, ambaye ni muuguzi wa kliniki ya mji ule wa milimani. Kwenda hakukuwa na tabu, kwani waliruka kutoka kwenye lami ndefu. Kasheshe ilikuwa kurudi.

"Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, hewa nyepesi. Kule juu, hewa ikiwa ya moto ndege inakuwa nzito kupanda. Nikatoa mizani. Mjomba akaniangalia. Akasema, 'Mimi nipimwe kama gunia, tena na mtoto niliyembeba mgongoni, mbele ya watu? Andika themanini.' Nikaandika themanini."

Anasita kidogo, anarekebisha kitu fulani kwenye usukani, anaendelea.

"Sasa nikishamwacha mjomba wangu, nitampima nani mwingine? Watasema napendelea ndugu. Nikawauliza wote kwa mdomo. Kila mmoja akataja kilo zake za ujanani."

Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikakimbia, ikakimbia, na haikutaka kuinuka. Iliinuka nyasi zilipokwisha. Abiria walisikia kitu kikikwaruza chini, wakadhani ni kawaida. Mjomba ndiye pekee aliyeona, kwa kuwa alikaa mbele karibu yake, kwamba mahindi yalikuwa yanapita mbele ya kioo na si chini.

"Niliogopa mpaka nikasahau kuogopa," anasema. "Nilikuwa natazama mwendo tu. Nilijua nikiivuta kwa pupa, inaanguka."

Walipotua mjini, alikuta jani bichi la mhindi limenasa kwenye gurudumu. Hakuna aliyekuwa amelijua hilo ila yeye. Angeweza kulitupa, na siku ikaisha. Alilichukua, akaenda nalo moja kwa moja ofisini, akaliweka juu ya meza ya Mwalimu, akaomba karatasi aandike ripoti ya kujishtaki mwenyewe.

Mwalimu aliwaomba abiria wote wapande mizani. Wanne walikubali, na hao wanne peke yao walikuwa wamejipunguzia kilo hamsini na nane. Wa tano alikataa. Alibeba begi lake, akatoka getini kwa miguu bila kuaga. Mpaka leo kwenye ripoti ile kuna kisanduku kimoja kitupu, na tangu siku hiyo Mjomba humtembelea dada yake kwa basi.

Mizani alizuiwa kuruka kwa wiki tatu, akafanyiwa mtihani upya. Mwenye shamba alilipwa mahindi yake na kuombwa arudishe mipaka ya shamba nyuma mita arobaini. Na siku ya kwanza aliporudi kazini, Mizani alipanda mizani yeye kwanza, akamwambia mpakiaji asome kwa sauti.

"Mtu mzima akipimwa peke yake anaona kadhalilishwa," anasema. "Akianza rubani, inakuwa ni utaratibu. Ningelijua hilo siku ile, Mjomba angepanda."

Hapo anakatisha mazungumzo. Kiwanja cha nyasi kinaonekana mbele, kijani na kifupi. Anatua kwa utulivu hivi kwamba yule mama mwenye kandambili anauliza kama wamefika kweli.

Pembeni mwa kiwanja, muuguzi amesimama na gauni lake jeupe akisubiri sanduku la chanjo. Anahesabu chupa, anatia saini, ndipo anamgeukia binti yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Chai na mkate."

"Huo si mlo. Umewajibu watu wa jeti?"

"Bado. Mjomba yuko kwenye benchi ananisubiri kama mdhamini."

Mama anacheka, kisha anaacha kucheka. Kazi yake ya kila siku ni kupima watoto wachanga, na anasema akina mama wengi humwambia mtoto amenenepa kabla hajamweka kwenye mizani. "Mtoto hapimwi kwa macho," anasema. "Na hili la kwako usilipime kwa macho ya watu. Sikuambii nenda, sikuambii baki. Ninachokuomba, jibu lako liwe lako. Usimjibie mjomba wako, wala usinijibie mimi."

"Na nikikosea?"

"Ulishakosea mara moja ukaleta jani mezani. Mtu wa hivyo simhofii." Anainua sanduku lake. "Na mwambie kaka yangu nimechoka kumkanda miguu kila akishuka kwenye basi. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Saa tano na dakika kumi, baada ya kungoja abiria wa kurudi, Mizani yuko mjini tena. Mjomba amehamia upande wa kivuli wa benchi, lakini gazeti ni lile lile. Mizani anaingia ofisini, anakaa kwenye kona ya meza ya Mwalimu. Mwalimu ametoka makusudi. Yeye ameshasema lake wiki iliyopita, kwa maneno machache: mwezi ujao mafunzo ya ndege ya injini mbili yanaanza, na jina la kwanza kwenye orodha ni lake, kama bado atakuwepo.

Mjomba anafuata ndani, anasimama mlangoni.

"Kampuni kubwa ile, walikufanyia usaili wa nini?" anauliza, kana kwamba hajawahi kuuliza.

"Wa ile siku yetu, Mjomba."

Fomu ya maombi ilikuwa na swali: umewahi kuhusika na tukio lolote la kiusalama? Wenzake walimshauri aandike hapana, nani atajua? Aliandika ndiyo, akaambatanisha ripoti nzima. Watu watatu walimkalisha dakika arobaini, na hawakuuliza kitu kingine. Walitaka kujua alijisikiaje, alijifunza nini, kwa nini kisanduku kimoja ni kitupu.

"Ukawaambia nini kuhusu kisanduku?"

"Kwamba abiria alikuwa na haraka."

Mjomba anakaa chini.

Mizani anaandika jibu lake kwa vidole viwili, taratibu, analisoma mara mbili. Kisha, kabla ya kulituma, anamgeuzia mjomba wake simu asome. Anashukuru kwa nafasi, anasema ni heshima kubwa, na anaomba radhi kwamba hatajiunga nao kwa sasa.

Nje mpakiaji anaburuta toroli.

"Wewe mtoto umerogwa?" Mjomba anasema hatimaye, kwa sauti ya chini kabisa, na hiyo inatisha kuliko kelele. "Mara tatu ya mshahara!"

"Nimeona, Mjomba. Nimeihesabu kila usiku wiki nzima. Naitamani, sikudanganyi. Lakini kule nitakaa kiti cha kulia, cha msaidizi, miaka mitano. Si aibu, ndivyo wanavyoanza. Ila hapa, mimi ndiye ninayeamua nani apande, mzigo gani ubaki, turuke au tusiruke. Nina saa mia tisa na kumi. Nikifikisha elfu moja na mia tano, nikiwa nimeshakuwa kapteni wa injini mbili, nafanya leseni ya juu. Miaka miwili. Halafu naenda kugonga mlango wao mwenyewe, nikiwa nimeiva."

"Na wakikufungia mlango?"

"Wanaweza. Wakinifungia, nitakuwa kapteni ambaye mlango umefungwa. Bado kapteni."

Anabonyeza. Saa ya ukutani inasema saa sita kasoro dakika kumi na nane.

Mjomba anainuka, anachukua gazeti lake, anatoka. Mizani anamtazama kupitia dirishani na kwa mara ya kwanza leo macho yake yanalegea. "Nilijua atakasirika," anasema. "Alinilea. Sehemu kubwa ya ada yangu ya chuo ilitoka kwenye vichwa alivyovinyoa." Anafuta uso kwa kiganja, anachukua karatasi za safari ya saa nane.

Saa nane kasoro robo, foleni nyingine imepangwa. Mizani anapanda mizani kama kawaida. "Sitini na nane na nusu!" Hiyo nusu ni wali wa mchana, anasema, na watu wanacheka. Wanapita mmoja mmoja, wanaandikwa, wanakwenda kivulini. Kiti kimoja kimebaki kitupu.

Mwisho wa foleni amesimama Mjomba.

Kumbe hakwenda nyumbani. Alikwenda dirisha la tiketi. Anafika mbele ya mizani, anaitazama kama mtu anayetazama maji kabla ya kuoga asubuhi, kisha anapanda na koti lake na viatu vyake vinavyong'aa. Chuma kinalia.

"Mia moja na saba," mpakiaji anasoma kwa kunong'ona, kwa heshima ya mzee.

"Kwa sauti!" Mjomba anamkemea. "Kwani mimi nani? Rubani kasomewa, mimi nifichwe?"

"Mia moja na sabaaa!"

"Haya, andika."

Anashuka, anamkabili mpwa wake. Watu wote wanasikia, naye hajali. "Ile karatasi ya zamani, yenye kisanduku. Bado ipo?"

"Ipo kwenye faili la Mwalimu."

"Kaijaze. Jioni ile nilipita duka la dawa, nikajipima. Mia moja na nne. Nilikudanganya kilo ishirini na nne, mwanangu. Nimekaa nazo muda wote huu, na hizo ndizo nzito kuliko hizi." Anajipiga tumboni.

Mizani anamshika mkono mzee kwa mikono yake yote miwili. Kisha anachukua kalamu, anaandika kiganjani mwake: 104.

"Safari nyingine utanisimulia tena habari ya kugonga mlango," Mjomba anasema akiifuata ndege, sauti imeanza kurudi. "Miaka miwili si mingi. Ila ile picha ya jeti, niibandue?"

"Usiibandue, Mjomba. Ibaki pale pale."

"Basi haya. Nikae wapi?"

"Mbele, nyuma ya kiti changu. Sasa najua uzito wako, najua pa kukuweka."

Anamfungia mkanda mwenyewe, anaulegeza kidogo, anaukaza tena. Kule milimani dada mtu hana habari kama leo hatakanda miguu.